Kope baada ya kisu: mwongozo wa kuuguza na kuficha kovu kwa mkazi wa Mwanza

Uvimbe wa kope huzidi siku ya pili na ya tatu. Mtu aliyepunguzwa ngozi ya kope leo anaweza kujitazama kwenye kioo jioni akajiona nafuu, kisha kesho kutwa akaamka macho yamefura, damu imevilia mpaka shavuni, akaanza kumlaani daktari. Ukilijua hilo mapema utalala usingizi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: mama ambaye kope zilikuwa zimeshuka hadi kufunika macho, dada aliyeondolewa vifuko chini ya macho, na mzee (wapo, tena si haba) aliyechoka kuulizwa kila asubuhi kama amelala. Upasuaji unaweza kufanyika Dar es Salaam, Nairobi au India, lakini kuuguza kunafanyika hapa, kwenye jua hili, vumbi hili na ndugu hawa.

Mimi napamba maharusi na mama zao, na nimeficha makovu ya kila aina. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba kazi kubwa ya kuficha kovu la kope hufanyika kabla hujagusa brashi hata moja. Wanaokuja kwangu na kovu gumu kufichwa ni wale waliolichokonoa, waliolianika juani, au waliolipaka vitu.

Kabla ya kwenda

Wiki moja hadi mbili kabla, daktari atakwambia uache dawa zinazozuia damu kuganda upesi: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Kwetu mtego uko kwenye vidonge mchanganyiko vya maumivu vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, bila boksi. Vingi vina diklofenaki ndani na mnunuzi hajui. Omba uonyeshwe jina la dawa kwenye karatasi yake. Virutubisho vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki mtajie pia. Ila kama aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda uliandikiwa kwa sababu ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Waache madaktari wako wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Dawa ya presha unaendelea nayo, kwa sababu presha ikipanda baada ya upasuaji, mishipa iliyokwisha kuzibwa huanza kuvuja tena. Sigara acha, maana huibana mishipa midogo ambayo kidonda kinaitegemea.

Nyumbani andaa parasetamoli, gozi safi (kitambaa chepesi cha kusafishia vidonda), mito mitatu, miwani ya jua mipana, na maji yaliyochemshwa ukayagandisha kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Umeme unakatika, kwa hiyo mwombe jirani mwenye friza akuwekee vingine. Barafu ya wauza samaki usiilete karibu na jicho.

Kama nyumba yako iko juu kwenye mawe, kule Igogo au Mabatini, jaza maji ya wiki nzima kabla. Kuinama kunyanyua ndoo na kupanda nayo mlima kunasukuma damu kichwani, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza utakayokatazwa. Na kama unatoka Ukerewe, usikimbilie kurudi Nansio. Kaa mjini Mwanza kwa ndugu angalau siku tatu za mwanzo, kwa sababu tatizo baya la upasuaji huu likitokea, mara nyingi hutokea ndani ya saa 24, na kivuko hakimsubiri mgonjwa wa saa nane za usiku. Watu wa Sengerema na Geita siku hizi wana unafuu: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kukaa foleni ya kivuko ukiwa na jicho linalouma. Hata hivyo, usiku wa kwanza ningeulala karibu na hospitali.

Siku mbili za mwanzo

1. Lala chali, kichwa na mgongo vimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, au jilaze kwenye kochi. Endelea hivyo wiki nzima. Ukilala ubavu, upande wa chini utavimba zaidi, utaamka ukidhani daktari amekosea jicho moja.

2. Kanda kwa baridi dakika 10 hadi 15, pumzika, rudia, kila saa moja au mbili ukiwa macho. Zungusha kifuko cha barafu kwenye kitambaa laini kilichofuliwa. Kipande cha khanga kuukuu kinafaa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Kope bado ina ganzi, inaweza kuungua kwa baridi usihisi lolote. Usigandamize, weka tu.

3. Paka dawa ya mrija ya macho kama ulivyoandikiwa. Itakutia ukungu, usiogope. Hakikisha mrija umeandikwa kuwa ni wa macho, maana dawa ya ngozi na dawa ya macho zinaweza kufanana sura.

4. Kwa maumivu meza parasetamoli: kwa mtu mzima, gramu moja kila saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Maumivu ya upasuaji huu huwa ya wastani, zaidi ni kukaza na kuwasha.

5. Usiiname, usinyanyue mtoto, usijikamue chooni. Kwa choo kigumu kula papai na kunywa maji mengi. Kupiga chafya, fungua mdomo.

6. Kila saa moja au mbili mpaka uingie usingizini, na tena ukiamka usiku, futa ukungu wa dawa, ziba jicho moja kwa kiganja bila kuligandamiza, soma saa kwenye simu kwa jicho lingine, kisha badilisha. Inachukua muda mfupi kuliko kujibu ujumbe, na ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka.

Hiyo ya sita ina sababu. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho, ikajikusanya mahali pasipo na nafasi, ikabana mishipa inayolisha jicho. Dalili zake ni maumivu makali ya upande mmoja yasiyosikia parasetamoli, jicho kusukumwa mbele na kuwa gumu, na kuona kufifia, au vitu kuonekana viwili. Ukiona hivyo hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kumtumia daktari picha ukangoja akusome. Jicho likikosa damu, uharibifu wa kudumu huanza baada ya muda wa saa moja na nusu hivi. Nenda hospitali yenye daktari wa macho. Kwa Mwanza, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Ukifika getini sema neno moja kwa moja: "Nimefanyiwa upasuaji wa kope na sioni vizuri." Usianze na historia.

Uvimbe wa macho yote mawili unaokaribiana, mchubuko wa zambarau unaoshuka shavuni, machozi, na tone la damu kwenye mkato siku ya kwanza ni mambo ya kawaida.

Kuelekea kutoa nyuzi

Nyuzi za kope hutolewa siku ya tano hadi ya saba, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Zikikaa muda mrefu zinaacha alama za vitundu pembeni ya mkato, na vitundu hivyo ni vigumu kuvificha kuliko mkato wenyewe. Kwa hiyo kama umepasuliwa mbali, uliza kabla ya kusafiri nani atakutoa nyuzi Mwanza, na rudi na karatasi inayoeleza ulichofanyiwa. Basi la Dar hadi hapa linakula zaidi ya kilomita 1,100 za kukaa, vumbi na kulala shingo imepinda. Kama uwezo upo, rudi kwa ndege, daktari akikuruhusu.

Kusafisha ni kazi ya asubuhi na jioni. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha gozi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, futa taratibu kutoka puani kwenda nje, gozi moja mpito mmoja. Gaga lililoganda usiling'oe, lilainishe kwa dawa ya mrija litoke lenyewe. Oga kuanzia shingoni kushuka. Nywele oshwa na mtu saluni, ukiwa umelalia nyuma kwenye sinki.

Kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki chache, kope huenda zisifunge kabisa, na jicho linakauka. Matone ya machozi bandia yanayouzwa famasi husaidia mchana, na dawa ya mrija usiku. Moshi ni adui hapa. Kama mnapikia kuni au mkaa, wiki mbili hizi jiko limpe mwingine. Bodaboda ziache pia: upepo, vumbi, na ile helmeti ya kuazima inayovutwa usoni na kupita juu ya mkato. Jioni za wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka makundi makundi na kufuata taa, funga madirisha mapema. Mdudu akiingia jichoni utalisugua kabla hujakumbuka.

Kayabo na dagaa wa chumvi viweke pembeni, chumvi inahifadhi maji mwilini na uvimbe unakawia. Sato wa kuchemsha anafaa sana. Pombe subiri.

Kwa Waislamu: kupangusa kwa mkono uliolowa juu ya bandeji wakati wa udhu, na kuswali kwa kukaa huku ukiashiria kwa kichwa badala ya kusujudu, ni ruhusa zinazojulikana kwa mgonjwa. Muulize sheikh wako namna ya kufanya, na anayevaa nikabu aangalie ukingo wake usisugue mkato wa chini.

Na watakuja washauri. Mmoja ataleta maziwa ya mama, mwingine asali, mwingine majani yaliyotwangwa kutoka kijijini. Shukuru, pokea, weka kando. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zinajulikana kwa kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda hicho kikipona huacha ukungu mweupe usiotoka. Matone ya macho yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) nayo usijinunulie. Yakitumiwa bila usimamizi hupandisha presha ya jicho.

Kuna jambo hakuna daktari atakalokuandaa: mwanamke mwenye macho mawili meusi akionekana mtaani, watu wanamhukumu mume. Mjue mtakachosema kabla ya jirani wa kwanza kubisha hodi. "Nimefanyiwa upasuaji wa macho" inatosha, na ni kweli. Kazini omba siku kumi hadi kumi na nne.

Wekundu unaozidi baada ya siku ya tatu, joto, usaha, harufu au homa: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nyuzi zimetoka, sasa kovu

Mkato wa kope ya juu hufichwa kwenye mkunjo wa asili. Wa kope ya chini hupita chini kidogo ya nywele za kope, au ndani kabisa ambako hakuna kovu la kuonekana. Sehemu inayowasaliti watu ni mkia: ule urefu wa sentimita moja hivi unaotoka nje ya kona ya jicho. Ngozi ya pale ni nene kuliko ya kope, kwa hiyo kovu lake hukawia kutulia. Elekeza juhudi zako huko.

Kovu huwa la waridi au jeusi kidogo kwa wiki sita hadi kumi na mbili, huweza kuwa gumu kwa kugusa, kisha hulainika. Kuiva kwake kunachukua mpaka mwaka. Vipele vidogo vyeupe vinaweza kutokea kwenye mstari wa nyuzi. Usivibinye, daktari huvitoa kwa sindano kwa muda mfupi tu.

Jua ni la kwanza. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na kwa ngozi yenye rangi kama yetu kidonda kipya kikipigwa na jua kinakuwa cheusi, na weusi huo unaweza kukaa miezi. Mpaka ngozi ifunge kabisa tumia kofia na miwani. Ikishafunga, paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, yenye zinki oksaidi, ambayo haichomi macho sana. Yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi, kwa sababu oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea weusi. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Kuogelea ziwani acha mpaka wiki ya sita hivi: juu ya kichocho kinachojulikana, maji yale yana vijidudu visivyofaa kidonda.

Jeli ya silikoni ndiyo kitu kimoja cha kupaka kwenye kovu ambacho ningekulipia. Huanza wiki ya pili au ya tatu, ngozi ikiwa imefunga, tabaka jembamba asubuhi na jioni kwa miezi miwili au mitatu, daktari akiridhia, bila kuingia jichoni. Ukiikosa, mafuta ya mgando kidogo huifanya ngozi isikauke. Vidonge vya vitamini E vya kutoboa na kupaka vinasifiwa sana saluni, lakini faida yake kwa kovu haijathibitishwa na vinaweza kuleta upele. Kusugua kovu kwa vidole kuanze tu daktari akikuonyesha namna, kwa kawaida baada ya mwezi. Kope ya chini ikivutwa chini ovyo inaweza kubaki imelegea.

Halafu mkorogo. Kovu likiwa jeusi, mtu atakupa kopo lisilo na maandishi na kusema "hii inatakatisha". Vingi vya hivyo vina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Steroidi ikipakwa kwenye kope muda mrefu huikonda ngozi ambayo tayari ni nyembamba kuliko zote mwilini, na hupenya hadi jichoni: presha ya jicho, mtoto wa jicho. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Nimewapamba wanawake waliotoka na kovu dogo la waridi wakaishia na duara zima la weusi kuzunguka jicho. Kovu ningelifunika kwa dakika tatu. Duara lile hakuna mpambaji anayelimaliza.

Kulificha

Mekapu juu ya mkato ingoje siku ya kumi hadi ya kumi na nne: nyuzi zimetoka, gaga limeisha, hakuna maji yanayotoka, na daktari amekubali. Mchubuko wa shavuni, mbali na mkato, unaweza kufunikwa mapema kidogo. Nunua vipya. Maskara ya zamani tupa, na wanja wa unga tumboni mwa chupa ndogo uache, kwani baadhi yake una madini ya risasi. Ukinunua barabarani, Makoroboi au kwingine, chukua kilichofungwa na chenye tarehe inayosomeka. Brashi ya mtu usiiguse.

Simama karibu na dirisha mchana, taa ya bafuni hudanganya. Uso ukiwa umepakwa losheni ya jua na umekauka:

Anza na rangi ya kusahihisha, kwenye weusi tu. Mchubuko wa zambarau na weusi wa kovu kwenye ngozi ya kahawia hufutwa na rangi ya chungwa. Ngozi inavyozidi kuwa nyeusi, ndivyo chungwa linavyosogea kwenye wekundu. Kovu la waridi halihitaji ile korekta ya kijani inayosifiwa kwenye video za watu weupe. Kwetu inaacha rangi ya jivu. Nenda moja kwa moja kwenye konsila (krimu nzito ya kufunika madoa) inayolingana kabisa na ngozi, yenye udhahabu kidogo. Ikiwa ya rangi angavu kuliko ngozi utakuwa umechora mstari ambao kila mtu atauona.

Gonga kwa kidole cha pete au brashi ndogo, usivute. Tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke ndipo uweke ya pili. Bonyeza poda isiyo na mng'aro juu yake. Mng'aro huonyesha kila kilichoinuka, kwa hiyo pambo la kumetameta lisikaribie kovu hata kwenye sendofu.

Kope ya juu: kivuli cha kahawia kisichong'aa ndani ya mkunjo kinatosha, mkunjo wenyewe unafanya kazi iliyobaki. Mkia wa nje ndio wa kuuchezea: chora wanja wa majimaji wenye mkia mfupi unaopita juu ya kovu kwa mwelekeo wake huo huo. Hakuna anayeshangaa wanja. Kope ya chini: penseli ya kahawia chini ya nywele, iliyotawanywa kwa pamba. Kisha weka rangi nzuri mdomoni, watu watazungumza na mdomo wako.

Kwa wanaume, losheni ya jua yenye rangi na miwani ya fremu nene inatosha. Ukingo wa chini wa fremu hukaa karibu na kovu la kope ya chini, na wa pembeni hupita karibu na mkia.

Kutoa ni muhimu kuliko kupaka. Weka pamba yenye maji ya kutolea mekapu juu ya kope, ihesabie taratibu mpaka mekapu ilegee, ndipo ufute kwenda nje. Mekapu ya jana isilale na wewe.

Kope za kubandika zisubiri wiki sita hadi nane, gundi yake ikibanduliwa inavuta ngozi yote. Kunyoa nyusi kwa uzi pia, na tatuu ya nyusi subiri miezi. Kama unajipanga kwa harusi ya mwanao, upasuaji uwe umepita angalau miezi mitatu kabla.

Likigoma

Usipime matokeo kabla ya miezi mitatu. Macho mawili hayaponi kwa mwendo mmoja, na mwezi wa kwanza moja huonekana dogo. Waliowahi kuota keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe) sikioni au kifuani huogopa sana, lakini kwenye kope zenyewe keloidi ni nadra mno. Wamwambie daktari hata hivyo kabla ya kupasuliwa, kwa sababu ya ule mkia.

Kovu lililoinuka na kukaza baada ya miezi miwili au mitatu linaweza kuchomwa sindano ndogo ya steroidi na daktari, kwa kipimo chake. Leza huweza kusaidia, ila kwa ngozi nyeusi ikipigwa vibaya huacha madoa meusi au meupe, kwa hiyo uliza kama mashine na mtu wanaifahamu ngozi kama yako. Kurekebisha kwa kisu tena kwa kawaida hakuzungumzwi kabla ya miezi sita. Isipokuwa kope ya chini iliyogeuka nje, au jicho lisilofunga na kuanza kuuma na kuwa jekundu: hilo nenda nalo sasa.